Sufuria ya Kibandani

Mkwe wangu alimwaga maharage yangu kwenye pipa la taka nikimwona, na hakutoa maelezo yoyote. Hapo ndipo nilipoanzia kila nilipowasimulia watu, na niliwasimulia wengi. Nilimsimulia dereva wa kanisa Louisville, nikasimulia Columbus, nikapiga simu Buffalo ili na huko wasikose. Ningekuwa na akili ningenyamaza siku ileile, lakini akili yangu huja nyuma ya mdomo.

Sufuria yenyewe ilikuwa ya kuyeyushia madini ya risasi, ambayo ni sumu yakiingia mwilini. Mimi nililijua hilo baadaye. Wewe unayesoma lijue sasa hivi, usije ukaniunga mkono kama walivyoniunga mkono wanawake wa kanisani kwetu.

Naishi Buffalo, upande wa magharibi wa mji, karibu na Grant Street, ambako naweza kwenda kwa miguu kununua dagaa na unga wa muhogo nikarudi bila kusema neno moja la Kiingereza. Nilizaliwa Burundi, nikatumia sehemu kubwa ya maisha yangu kambini Kigoma, na humo kambini nilifundisha darasa la pili miaka mingi. Sauti ya darasani haijanitoka. Watoto wangu wanasema nazungumza na watu wazima kana kwamba wamesahau kufuta ubao. Kifungua mimba wangu anaishi Hilliard, pembeni ya Columbus. Binti yangu aliolewa na kijana wa kambi yetu, wakahamia Louisville kwa ajili ya kazi za maghala, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza nilipanda basi kwenda kumtunza.

Kumtunza mzazi ni kazi ninayoijua. Mzazi hagusi jiko. Anakaa chumbani na mtoto wake, anakandwa kwa maji ya moto, na kila asubuhi anapelekewa uji wa ulezi, mwepesi, wenye sukari na ndimu nyingi, mpaka maziwa yashuke vizuri. Ulezi niliubeba kutoka Buffalo kwa sababu sikuamini kwamba Louisville wanao. Wanao. Duka liko nyuma ya kituo cha mafuta, la Mkongomani mmoja, na unga wake ni laini kuliko wangu, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Lakini nyumba ile ilikuwa na mkwe ndani yake. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawali meza moja, na kama kuna neno la kuambiana, linapitia kwa binti. Zamani mama hakulala kabisa nyumbani kwa mkwewe. Vijana wengi wa huku wameshayaacha haya, wanakaa sebuleni na mama wakwe zao wakitazama mpira, na mimi huwasema sana. Wangu hakuwa hivyo. Alifanya zamu ya pili kwenye ghala la vifurushi. Akiondoka mchana mimi nilikuwa chumbani, akirudi nilikuwa nimelala, na chakula chake nilikifunika kwenye sahani juu ya meza. Asubuhi nilikuta sahani imeoshwa na kuinamishwa. Walipanga nusu ya nyumba tu, vyumba viwili vidogo, sebule, jiko, na kibanda cha mbao uani, na bado aliweza kupita humo siku zote zile bila mimi kuona zaidi ya kisigino chake. Nilimsifu kwa kila aliyenipigia simu.

Heshima hiyohiyo ndiyo iliyomfanya asione ninachopikia.

Jiko la binti yangu lilikuwa na masufuria mepesi yenye weusi ndani, ya aina inayobanduka ukikoroga kwa nguvu, na uji wa ulezi usipoukoroga kwa nguvu unakutia aibu. Nilitoka uani kutafuta ndoo, nikafungua kibanda, na juu ya meza ya kazi nikaiona: sufuria ya chuma, ndogo lakini nzito kama jiwe la kusagia, safi, imepakwa mafuta isishike kutu, na kando yake upawa wa chuma wenye kimdomo cha kumiminia. Nilikasirika palepale. Nilifikiri, watoto hawa wana kitu kama hiki na wamekitupa huku nje, wanapikia makopo. Niliiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikaibandika. Uji haukushika chini hata kidogo. Ule upawa ulimimina kikombeni bila kudondosha tone. Nilimpelekea binti yangu chumbani, akanywa, akasema hajanywa uji mzuri namna ile tangu kambini, nami nikavimba kichwa. Yeye sufuria hakuiona, kwa kuwa jikoni sikumruhusu kukanyaga. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimpikia humo.

Siku ya maharage binti yangu alikuwa amepelekwa kliniki na mwenzake wa kanisani, mtoto akapimwe uzito. Niliinjika maharage kwenye ile sufuria, nikaenda kujinyoosha kitandani. Kumbe siku hiyo ghala lilikuwa limewarudisha watu mlangoni, vifurushi vilikuwa vichache. Mkwe wangu aliingia akijua nimelala, akaenda jikoni kunywa maji. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa kwa nguvu, nikatoka. Nilimkuta uani ameinama juu ya pipa, sufuria mkononi, maharage yangu yakishuka na mvuke wake. Nilimuuliza anafanya nini. Alitazama chini, akasema, "Samahani, Mama," akanipita kwa mbali, mgongo ukigusa ukuta, akaweka sufuria na upawa ndani ya gari, akaondoka.

Ili uielewe hasira yangu inabidi ujue jambo moja la kwetu. Watu wa kwetu wanaogopa sumu ya kwenye chakula kuliko wanavyoogopa magonjwa. Mwenye nyumba akikupa kinywaji anaonja yeye kwanza mbele yako, ndipo anakukabidhi, ujue hajatia kitu. Mwanamke akishaitwa mlozi, yaani mtu anayewatilia wenzake sumu, amekwisha, na watoto wake wamekwisha pamoja naye. Na ukitaka kumwita mwanamke mlozi bila kufungua mdomo, unamwaga chakula chake. Mkwe wangu aliyajua haya kama ninavyoyajua mimi. Alikulia kambini, na alimwona kwa macho yake mama mmoja wa mtaa wetu akiomba kuhamishwa kambi kwa sababu ya ugali wake uliomwagwa.

Binti yangu aliporudi, mumewe alikuwa ameshamfuata kliniki na kumwambia. Mkwe alibaki ndani ya gari. Binti akaingia na mtoto, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akaniambia kwamba ile sufuria haikuwa ya chakula, ilikuwa ya kazi. Nikamuuliza kazi gani. Akasema ina kitu kibaya. Nikamwambia niliiosha mwenyewe kwa mikono hii, na kama kuna kitu kibaya basi wakitaje. Alitazama dirishani, kule gari lilikokuwa, akasema kesho wote twende hospitali tukapimwe damu.

Sasa najua kwa nini hakuitaja kazi yenyewe. Angetaja madini ya risasi ningeuliza yalikuwa ya nini, na jibu lingefika kwenye bastola. Baba yake alikufa kwa bunduki yeye akiwa mgongoni mwangu, na zaidi ya hapo sielezi. Watoto wangu wamekua wakijua kwamba mbele yangu neno hilo halitajwi. Kwa hiyo alichagua nimwelewe vibaya kwa muda kidogo, akidhani kesho yake ataniweka sawa. Hakujua kwamba sitakuwepo. Mimi niliposikia habari ya kupimwa damu nilisikia kitu kimoja tu, kwamba wanatafuta ushahidi dhidi yangu. Nilimpigia simu mwanangu wa Hilliard, nikamwambia aje anichukue kabla sijafukuzwa. Alikuja jioni ileile. Binti yangu alisimama mlangoni na mtoto kifuani akilia, akaniinamishia yule mtoto nimbusu, nikaingia garini bila kumbusu. Hilo linanichoma kuliko yote. Nikiwa naosha vyombo au nasubiri taa za barabarani, linanirudia, na uso unapata joto kama wa msichana.

Huko Hilliard niliwekwa kwenye chumba cha wajukuu. Wananisalimu kwa Kiswahili na mengine yote wanayasema kwa Kiingereza, kwa hiyo angalau wao sikuwasimulia. Nilimsimulia mama yao, nikawasimulia wanawake wa maombi waliokuja kunisalimia. Nilimpigia simu rafiki yangu wa Grant Street, Mkongomani anayeniuzia ulezi, na kumsimulia yeye ni sawa na kutangaza redioni. Kila nilipoirudia hadithi maharage yaliongezeka na samahani yake ikapungua, mpaka mwisho nikawa nasema hakufungua mdomo kabisa. Binti yangu alipiga simu, sikupokea. Alituma ujumbe wa sauti, nikaufuta bila kuusikiliza, na nilijisikia vizuri nilipoufuta. Kumbe mle ndani alikuwa akiniambia nipimwe.

Mwanangu aliona mambo yanakua, akaitisha kikao. Ndivyo tunavyofanya. Mkwe aliyekosa anaitwa, anakuja na kinywaji, anasikilizwa, anaomba radhi. Kikao kiliwekwa Jumamosi sebuleni kwa mwanangu, na akaalikwa mzee mmoja wa kanisa, Mtanzania anayeishi Westerville, mtu mtaratibu asiye ndugu wa upande wowote. Mimi nilivaa kitenge changu kizuri. Nasema kweli, nilijiandaa kama mtu anayekwenda harusini.

Mkwe wangu aliendesha peke yake kutoka Louisville. Aliingia na kreti ya soda begani, na mkono wa pili ameshika ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Alifungua chupa, akamimina kidogo kwenye glasi, akaonja, kisha akampa mwanangu glasi nyingine aniletee. Nilikataa kuipokea. Ikabaki mezani mbele yangu, mapovu yakiisha.

Mzee akamwambia aseme. Akasema akimtazama mzee, kama inavyotakiwa.

"Mzee, naomba umwambie Mama kwamba hakuna aliyemwita mlozi. Sumu ilikuwa yangu. Sufuria ile nilikuwa nayeyushia madini ya risasi, natengeneza vichwa vya risasi za bastola."

Nilisimama. Nilisahau kwamba siruhusiwi kumsemesha, nikamuuliza mwenyewe kama analaza bastola nyumba moja na binti yangu. Akasema ndiyo, alikuwa nayo. Na hapa ndipo ninapojionea aibu zaidi ya pale nilipopika. Sikuogopa. Nilifurahi. Niliona sasa nina kesi mbili badala ya moja. Nikawageukia watu nikawaambia, mnaona, mnaona mtu anayeishi na binti yangu. Mzee akaniomba nikae, nikakaa, nikajifunga kitenge upya kama mshindi.

Alieleza polepole. Binti yangu alipokuwa mjamzito, vijana wawili walimvizia yeye mkwe maegeshoni akitoka kazini, wakampiga kichwani kwa kitako cha bunduki, wakachukua simu na viatu. Alifika nyumbani na soksi. Binti yangu alikataa kulala kwa siku nyingi baada ya hapo, akikaa karibu na mlango. Mimi nilikuwa nimeambiwa mkwe ameanguka kwenye barafu. Mzee mmoja Mmarekani aliyefanya naye kazi, ambaye zamani alikuwa fundi, akamuuzia bastola yake ya zamani, ile ya silinda inayozunguka, akamfundisha pia kujitengenezea risasi kama alivyofundishwa na baba yake.

Akafungua ndoo. Alitoa kitu kama koleo lenye taya mbili nene, akasema hiyo ndiyo kalibu, madini yaliyoyeyuka yanamiminwa humo kwa upawa na yakipoa kinatoka kichwa. Akapanga vichwa vyenyewe juu ya gazeti, wengine wakainama kuvitazama. Vilikuwa vya kijivu, butu, vinene kama ncha ya kidole cha mtoto. Pembeni aliweka vingine vya dukani, vyenye rangi ya shaba na tundu puani. Muuzaji wa dukani alimwambia za kujilinda ni hizi zenye tundu, kwa sababu zikiingia mwilini zinachanua na hazitokei upande wa pili. Yule mzee wa kazini alibisha, akasema bastola fupi kama ile haina nguvu ya kuzichanua, tundu linajaa nyuzi za koti na risasi inapita tu, bora kichwa laini, butu, kinachokwenda polepole. Watu wengine ghalani walisema risasi ya kujilinda haitengenezwi nyumbani hata siku moja. Kila mmoja alikuwa na hakika yake. Mwanangu akaanza kuuliza maswali, kama wanaume wanavyofanya wakionyeshwa kifaa, mpaka mzee wa kanisa akakohoa.

"Mimi swali langu lilikuwa moja," mkwe wangu akasema. "Nikipiga nikakosa, inakwenda wapi? Chumba chetu na chumba cha Mama kuna ukuta wa jasi katikati. Ukiugonga kwa ngumi unatoboka."

Alikuwa amekwenda shambani kwa yule mzee wa kazini, nje ya mji, juma moja kabla sijafika. Alisimamisha mbao za jasi kama kuta za nyumba yao, na nyuma yake akaweka mto juu ya kiti, mahali kichwa changu kingekuwa. Alipiga za dukani. Alipiga za kwake, ngumu na laini, nzito na nyepesi. Aliyeyusha nyingine akarudi tena.

"Zote zilifika kwenye mto," akasema. "Naomba umwambie Mama, hakuna niliyoitengeneza iliyobaki ukutani. Kwa hiyo niliacha. Bastola nimemrudishia mwenyewe. Sufuria niliisugua na kuipaka mafuta ili nimrudishie nayo, nikaiacha wazi kibandani. Kosa langu ni hilo la kuiacha. Na kuficha."

Nilitazama glasi ya soda. Nilikuwa nimeivalia kitenge siku hii.

Ningetaka kuandika kwamba hapo ndipo niliposhikwa na aibu na mambo yakaisha, lakini bado. Mzee alisema basi, jambo limeeleweka, maharage yalimwagwa kabla hayajaliwa na Mungu ashukuriwe. Wote wakaitikia. Mkwe wangu peke yake hakuitikia. Alisema kuna jambo wameshindwa kulielewa na ndilo lililomleta kwa haraka. Mke wake na mtoto wamepimwa damu, kwa tahadhari tu. Madini yamekutwa kwa mzazi, na kidogo kwa mtoto. Muuguzi anawauliza yameingiaje, kwa sababu hayo maharage mzazi hakuyaonja. Amepekua nyumba nzima, amekwangua hata rangi ya madirisha. Nguo zake za kazi hiyo hakuwahi kuziingiza ndani. Hajui afanye nini tena.

Nilijua kabla hajamaliza. Niliuona ule upawa ukimimina bila kudondosha tone, na binti yangu akishika kikombe kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Kama ningenyamaza, wangeendelea kukwangua madirisha.

"Uji," nikasema. "Nilimpikia uji humo. Kila asubuhi."

Mkwe wangu alininyanyulia macho. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu amwoe binti yangu. Sikuona hasira, nikatamani ingekuwepo.

"Kwa nini hukuniambia palepale uani?" nikamuuliza. "Ungesema neno moja tu, sumu, ningeelewa."

"Ningelisemaje kwako, Mama?" akasema. "Nikutajie wewe sumu, juu ya chakula chako?"

Nilichukua ile glasi, soda imeshaisha gesi, nikainywa yote. Kisha nikamwomba mwanangu amwombe mkwe wangu anirudishe Louisville.

Tuliondoka mchana huohuo. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, yeye akainua kioo cha katikati kidogo kielekee darini ili tusitazamane, na hatukusemezana njia nzima. Binti yangu alifungua mlango, akanipa mtoto kabla sijavua viatu. Nilimbusu kichwani mpaka akaamka akalia. Badala ya kumwambia binti yangu pole, nikawa nakunja nguo za mtoto zilizokuwa zimeshakunjwa.

Kliniki waliniita na mimi nitoe damu. Muuguzi alitumia mkalimani wa kwenye simu, Mkenya kwa lafudhi, aliyechanganya Kiingereza kila neno la tatu, na kupitia sauti ile ya mgeni ilinibidi nieleze upya kila nilichokipika. Muuguzi akauliza kama uji ulikuwa na kitu chochote kichachu. Nikasema ndimu. Kiasi gani? Nikasema nyingi, ndivyo unavyokuwa mtamu. Mkalimani akanitafsiria kwamba uchachu huyavuta madini kutoka kwenye chuma. Nilikuwa nimejivunia ndimu zile. Walisema kiwango cha binti yangu si cha kutisha, lakini hakitakiwi kuwepo, aendelee kunyonyesha, ale vizuri, warudi wapimwe tena baada ya wiki kadhaa. Nilisema nitabaki mpaka siku hiyo.

Siku za kungoja nilimpigia simu rafiki yangu wa Grant Street, kwa sababu nilijua jina la mkwe wangu limeshachafuka mtaa mzima na mimi ndiye niliyelichafua. Nilimweleza yote. Alisikiliza, kisha akasema, "Bon, mama, donc ule mukwe alikuwa anakuokoa, na weye ulimuchafua jina huku kwetu yote?" Nikasema ndiyo. Nikamwomba aseme na hilo kama alivyolisema lile la kwanza. Aliahidi, lakini habari njema haina miguu kama ile nyingine. Nikirudi Buffalo najua wapo watakaoniuliza kwa huruma kama yule mkwe wangu mbaya bado yupo, na nitalazimika kusimama pale kati ya magunia ya muhogo nianze upya.

Bastola haipo, na nilifurahi haipo. Halafu mchana mmoja nilimwona mkwe wangu akifunga kamba za viatu kwenda kazini, akitazama maegesho kupitia dirisha kabla ya kufungua mlango, nikakumbuka kwamba atarudi gizani mikono mitupu. Sikujua nimwombee nini. Nilimwombea tu.

Majibu ya mara ya pili yalikuja kwa simu. Binti yangu alisikiliza huku amenishika mkono, akanibana vidole mpaka vikauma. Vipimo vyao vilikuwa vimeshuka vyote, cha mtoto kilikuwa karibu hakipo. Aliniambia, kisha akaenda chumbani kumwamsha mumewe amwambie.

Siku yake ya mapumziko nilipika maharage. Nilipikia kwenye sufuria mpya ambayo mkwe wangu aliinunua, ya bati jepesi, na nilisimama juu yake nikikoroga taratibu mchana kutwa kama mjinga. Kisha nikafanya jambo ambalo mama yangu angelikataza. Sikukifunika chakula kwenye sahani nikaingia chumbani. Niliweka sahani tatu mezani, nikamwambia binti yangu amwite mumewe aje ale pamoja nasi.

Alikuja akasimama kwenye kizingiti, macho chini. Nilimwambia, "Kaa, mwanangu." Akakaa pembeni kabisa ya kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Nilipakua ugali na maharage. Nilikuwa nimelipanga jambo lile tangu asubuhi: ningechukua kijiko, nionje kwanza kutoka kwenye sahani yake, mbele ya macho yake, ndipo nimkabidhi. Nilitaka aone nikimeza. Niliweka sahani mbele yake nikageuka kuchukua kijiko kwenye droo, na nilipogeuka tena alikuwa ameshakata tonge la ugali, ameshachovya, na alikuwa anatafuna.

Hakungoja nionje.